Bizari Kwenye Rejeta

Jamani, sogeeni karibu, na mwenye chungu jikoni akakiteremshe kwanza, maana habari hii haitaki mtu wa kusikiliza kwa sikio moja. Pa kucheka papo, na tukifika nitawaruhusu mcheke. Lakini wengi wenu mtajiona humu ndani, na atakayenuna na anune, mimi nimeshazoea kununiwa.

Palikuwa na nyumba ya vyumba vitatu yenye ua wa saruji, katika mtaa wa watu wanaoamka mapema na kulala wamechoka. Asubuhi hiyo ilikuwa ya mapumziko. Mama wa nyumba, mshonaji, alikuwa barazani na cherehani yake, anapinda sketi za shule. Mumewe alikuwa uani anaosha gari, suruali ameikunja mpaka magotini, anapiga mluzi. Alikuwa analisugua lile gari kama mama anavyomwogesha mtoto mchanga, mpaka nyuma ya masikio. Binti yao wa mwisho alikuwa ndani bado amelala, kwa sababu wiki nzima alikuwa chini ya magari ya watu. Mama akakata uzi kwa meno, akatazama huku na huku, akajisemea moyoni kwamba leo nyumba imetulia.

Haikutulia hata nusu saa.

Kwanza niwajulishe watu wenyewe. Baba mtu mtaani walimwita Rekodi. Aliendesha mabasi ya kampuni miaka thelathini na mmoja bila kugonga hata kuku, na siku ya kustaafu alipewa cheti cha kusema hivyo. Akakitia fremu, akakitundika sebuleni, na kila mgeni alisomewa cheti kabla hajapewa maji ya kunywa. Mafao yake yote aliyatia kwenye gari lile kuukuu, akawa anabeba watu wa kukodi: wagonjwa wa kliniki, maharusi, wazee na mizigo yao. Cherehani ya mama ilileta chumvi na sabuni. Gari ndilo lililoleta unga. Siku likizima, na nyumba inazima, na hilo kila mtu mle ndani alilijua bila kuambiwa.

Binti naye aliitwa Spana. Jina alilipata gereji, likamganda. Alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi kamili, na mwezi ule alikuwa amepata barua: karakana kubwa ya mji mwingine ilimtaka akaongoze mafundi sita. Alikuwa aondoke mwisho wa mwezi. Mama aliisoma ile barua mara tatu, akailaza chini ya mto wake. Baba aliisoma mara moja, akasema, "Wamekosa wanaume huko?" Hakuwa mtu mbaya, msimwelewe vibaya. Kilichomuuma ni kwamba majirani walikuwa wameanza kumwita Baba Spana. Mtu na rekodi yake, leo anaitwa kwa jina la chombo cha kufungulia nati!

Basi siku ile alipomaliza kuosha, akaliwasha gari na kuliacha lingurume huku anafuta vioo. Mara boneti ikaanza kufoka mvuke. Mama akasimamisha cherehani. Alijua kwamba wiki iliyopita gari lilichemsha mara mbili barabarani, ingawa mumewe alimwambia ni jua tu.

"Ni jua hili," mumewe akasema tena, kabla hajaulizwa.

Spana akatoka na khanga kifuani, macho bado mazito. "Shikamoo, baba. Zima. Usifungue kitu chochote. Likipoa nitaliangalia."

"Marahaba. Angalia basi," baba akasema, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa nje wa kusikia. Kumbukeni hilo, kwamba mlango wa yule mzee haukuwa umefungwa kabisa.

Jioni Spana alitandika kadibodi kavu chini ya injini. Kesho yake alfajiri alimwita mama yake uani, akamwonyesha: kadibodi ina doa moja tu, upande wa kulia, kwenye mpira mnene unaorudisha maji kutoka kwenye rejeta. "Gari limejieleza lenyewe," alisema. "Wengine wangeanza kwa kununua rejeta mpya. Mimi naanza kwa kadibodi." Alizungusha feni, ikawa nzima. Alifungua mfuniko wa rejeta, maana injini ilikuwa baridi, akambonyezesha mama yake lastiki ya mfuniko ule kwa kidole. Ilikuwa imekakamaa na kuchanika.

"Sasa naomba sufuria yako ndogo."

"Ipi? Ya maziwa?"

"Ya maziwa."

"Ukinirudishia inanuka grisi, mwanangu, utanunua nyingine."

Akachomoa kwenye injini kidude cha shaba, ukubwa wake kama kizibo cha chupa pana, kile mafundi wanachokiita themostati. Kazi yake ni kuyafungulia maji njia injini ikipata joto. Akakifunga uzi wa cherehani, akakining'iniza kwenye maji ya sufuria juu ya jiko. Mama na binti wakainama wanatazama, vichwa vinagusana. Maji yalipokaribia kuchemka, kile kidude kikafumbua mdomo taratibu.

"Loo! Kinapiga miayo!" Mama akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Kizima hiki, tunakirudisha. Ubovu ni vitu viwili tu, mama: mpira umepasuka hapa kwenye klipu, na mfuniko umechoka, haubani mvuke. Bei ya vyote viwili haifiki jozi ya malapa. Tukibadilisha wiki hii, gari litamfaa baba miaka. Tukichelewa, injini itaungua, na injini si malapa."

Mnaona? Hakuna mashine ya maajabu, hakuna safari ya gereji. Kadibodi, uzi na sufuria ya maziwa. Laiti habari hii ingeishia pale jikoni!

Lakini Rekodi alitokea mlangoni akiwa na rafiki yake, yule tuliyemwita Profesa. Profesa hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa karani wa stoo aliyestaafu, na hajawahi kumiliki gari hata la kuchezea, ila kwa ushauri alikuwa tajiri. Spana, kwa ile furaha ya fundi aliyeupata ubovu, akaeleza yote palepale, na mwishoni akaongeza, "Na baba, ule mtindo wa kumwagia maji baridi injini ikiwa moto, uache. Utapasua hedi, kichwa cha injini."

Profesa akapiga makofi. "Haya, Rekodi! Umri wote huu, leo ndiyo unafundishwa udereva nyumbani kwako!"

Mama aliuona uso wa mumewe ukibadilika. Ule mlango niliowaambia, ulifungwa pale pale.

"Binti," Rekodi alisema kwa sauti ya chini, "mimi nimeanza kushika usukani wewe hujawa hata wazo. Unanifundisha mbele ya wageni?"

"Sikufundishi, baba, nimeona tu kwamba..."

"Umeona! Miaka yote mimi nilikuwa nimefumba macho?"

"Mambo ya mpira na mfuniko ni ya kutajirisha wenye maduka," Profesa akaingilia. "Tangu zamani wazee wanatia bizari. Manjano ya unga, vijiko vitano vya kujaa, ndani ya rejeta. Inatafuta tundu popote lilipo, inaliziba. Tena bure, ipo jikoni."

Na Rekodi, ambaye miaka yote kazini asingemruhusu Profesa hata kufuta kioo cha basi lake, akageuka akasema, "Mke wangu, lete bizari."

Mama akamtazama binti. Binti akatikisa kichwa kidogo sana, kiasi cha kuonwa na mama tu. Mama akaingia ndani, akashika kopo la bizari, akasimama nalo pale jikoni, pumzi moja, mbili. Halafu akalipeleka. Alilifungua na kifuniko kabisa.

Kwa nini alilipeleka? Kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyolea. Katika nyumba ile baba hakosolewi mbele ya watu. Wala nyuma ya watu hakosolewi. Watu wakiondoka, mama hutafuta wakati mzuri, akampoza kwa chai, akalizungusha neno mpaka likakosa makali, na mara nyingi likakosa na maana. Majirani walimsifu kwa hilo. Walisema ile ni nyumba yenye heshima.

Basi bizari ikatiwa, na kibaya zaidi, ikafanya kazi! Kwa siku nane halikudondoka tone. Profesa alipita kila asubuhi kukagua saruji kavu, anajipiga kifua. Rekodi akawa anapiga mluzi mpaka bafuni. "Mwambie fundi wako," alimwambia mkewe, "aje tumpe somo la bizari."

Spana hakujibizana naye. Alimfuata mama yake barazani akiwa na mfuko wa karatasi. "Mama, bizari haina macho. Inaziba panapovuja, inaziba na njia za maji. Ndani ya rejeta kuna vijibomba vyembamba kama mrija wa kalamu. Vikiziba vile, maji hayapoi. Hapo mshale wa joto utapanda hata kama gari halivuji." Akamwekea mfuko mapajani. "Mpira huo, na mfuniko, nimenunua mwenyewe. Mpe wewe, aseme amenunua yeye, mimi sitatia neno. Nitafunga kabla hajaamka, na rejeta nitaiosha bure. Akipewa na mimi hatapokea."

"Nitampa, mwanangu. Nitatafuta siku ana moyo mweupe."

Akautia mfuko kwenye saraka ya cherehani, chini ya vitambaa.

Siku ya kwanza mume alirudi amenuna, haikufaa. Siku ya pili alirudi anacheka, na nani anataka kuharibu kicheko cha mtu? Siku ya tatu kulikuwa na wageni. Siku ya nne mama mwenyewe alikuwa na kichwa kinamgonga. Nawaambia, anayesubiri siku njema ya kusema neno chungu, hata mwaka haumtoshi. Wiki ya pili ikaingia. Kila akifungua saraka kuchukua mkasi, mkono wake ulikuwa unaikwepa ile karatasi. Spana akiuliza, "Vipi, mama?" alijibu, "Bado kidogo." Na binti alimwamini, kwa sababu mama hakuwa amewahi kumvunjia ahadi.

Gari likaanza upya. Safari hii halivuji, linachemsha tu. Abiria mmoja wa kliniki aliuona mshale umefika kwenye nyekundu, akashuka katikati ya safari, akasema heri atembee na mgongo wake unaouma. Maneno yakaenea. Mama alikuwa anampelekea mumewe chai garini alipomkuta amelala chali chini ya dashibodi, mkononi ana waya aliouchomoa.

"Geji mbovu," Rekodi alisema bila kumtazama. "Inatisha watu bure."

Mama alisimama na kikombe mpaka kikamchoma vidole. Akakiweka juu ya kiti, akarudi barazani. Alikaa kwenye cherehani akashona mkono wa gauni kichwa chini miguu juu, ikabidi afumue.

Siku tatu kabla ya safari ya binti, walikuwa wanakula chakula cha mchana, wao watatu tu. Spana alikuwa amepanda gari la baba yake asubuhi ile kufuata begi lake gereji. Akaweka kijiko chini. "Baba, mshale wa joto umelala chini hata injini ikiwa moto. Umechomoa waya?"

Rekodi akaacha kutafuna. "Katika nyumba hii, dereva ni nani?"

"Ni wewe, baba. Ndiyo maana naogopa. Utakuwa unaendesha huku hujui..."

"Sijui?" Meza ikapigwa, maji yakamwagika. "Mimi sijui? Nenda ukaongoze hao mafundi wako sita, lakini hapa ndani huongozi mtu!"

Spana akamgeukia mama yake. Alimtazama kwa muda, anasubiri. Mama alijua kinachosubiriwa. Ilikuwa sentensi moja tu: nimemwona akichomoa, na spea zipo sarakani. Lakini alichosema ni hiki:

"Mwombe baba yako radhi, mwanangu. Usiondoke na kinyongo cha mzazi."

Binti akainamisha kichwa. "Nisamehe, baba."

"Yameisha," Rekodi akasema, akaendelea kula. Mama akafuta maji mezani, moyo wake umetulia, anashukuru kwamba amani imerudi. Amani!

Siku ya safari ikafika. Rekodi aliamka mapema kuliko wote, akavaa shati lake la kazi la zamani lililopigwa pasi. "Binti yangu hapandi gari la mtu kwenda stendi," alitangaza, "wakati baba yake ana gari." Hilo lilikuwa fahari, na lilikuwa pendo pia, msimnyime haki yake. Alimbebea begi mwenyewe. Njiani aliuliza, "Hao mafundi sita, wana adabu?" na Spana akacheka, akasema atawatia adabu. Mama aliyekuwa nyuma alimshukuru Mungu kimya kimya kwa kila neno walilosemezana.

Kabla ya stendi kuna mlima mrefu. Nusu ya mlima, harufu tamu ya moto ikaingia ndani. Spana akanusa, akakaa wima. "Baba, egesha." Mshale ulikuwa umelala chini, umetulia, hauna habari. Injini ikagonga, ikatetemeka, ikazima yenyewe, na mvuke ukapanda juu ya kioo. Wauza matairi waliokuwa kando ya barabara wakasimama kutazama.

"Mzee, limechemsha hilo!" mmoja akapaza sauti, na mwenzake akacheka.

"Najua!" Rekodi akashuka, uso umewiva kwa aibu. Akafungua boneti, akachukua tambara.

Spana akashuka haraka. "Baba, usiguse mfuniko. Tukae kivulini nusu saa. Hata basi nikilikosa, la mchana lipo."

"Hulikosi basi kwa sababu ya gari langu!" Sauti yake ilikuwa ya kulia, ingawa alikuwa anafoka. "Nitie maji kidogo tu tuondoke. Nusu dakika."

"Baba, nakuomba. Maji ya mle ndani yatakurukia. Baba!"

Mama alikuwa bado ndani ya gari. Aliuona mgongo wa mumewe umeinama, akaliona tambara likizunguka, akasikia mluzi mwembamba wa mvuke. Alimwona binti akiruka mbele kuushika mkono wa baba yake auondoe. Hapo mfuniko ukafyatuka.

Maji yaliruka juu na kumpata Spana usoni, yote. Yalikuwa ya njano. Mama alipomfikia, akapiga magoti kwenye lami, aliiona bizari yake mwenyewe kwenye kope za mwanawe, na harufu yake ilikuwa ya jikoni kwake. Mmoja wa wauza matairi ndiye aliyekuja na ndoo ya maji baridi. Rekodi alisimama na mkono ulioungua, anarudia neno moja tu, "Binti. Binti. Binti."

Hospitali walikaa wiki tano. Daktari wa macho, mwanamke mpole asiyependa kuzunguka, alisema jicho la kushoto limekwenda, na la kulia litaona mwanga na kivuli, basi. Karakana ya mji mwingine ilisubiri mwezi mmoja, ikaandika kwa heshima kwamba imepata mtu mwingine. Injini ilikuwa imeungua gasketi na hedi imepinda. Gari likavutwa kwa kamba, likauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nyumba ikabaki na cherehani tu, ile ya chumvi na sabuni.

Profesa alikuja kuwapa pole. Akaketi, akakohoa, akasema, "Ajali haina kinga, shemeji. Ndivyo ilivyoandikwa."

Na mama, ambaye maisha yake yote hajamjibu mgeni kwa ukali, akasimama. "Ajali? Kinga ilikuwepo! Ilikuwa kwenye saraka yangu! Mpira ulikuwepo, mfuniko ulikuwepo, wiki mbili na zaidi nimevikalia hapa kama kuku, ninamtafutia mtu siku njema! Na wewe na bizari yako! Toka. Toka nyumbani kwangu kabla sijakushika shati!"

Profesa akatoka amesahau kofia yake. Rekodi aliyekuwa kitini akainua kichwa taratibu.

"Sarakani kulikuwa na nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, lile kopo, ule mfuko, ule waya aliomwona akiuchomoa. Hakulizungusha neno hata moja. Alipomaliza, mumewe hakufoka wala hakupiga meza. Alijifunika uso kwa mkono wenye bandeji akalia kwa sauti, na mama akaona wazi kwamba yote yale angeweza kuyasema siku yoyote, hata ile ya kwanza, na paa lisingeanguka.

Walikuwa wamesahau kwamba mlango wa chumba alimolala Spana ulikuwa wazi.

Kesho yake Spana aliomba apelekwe kwa mama yake mdogo, akakae huko. Hakusema kwa muda gani. Baba alibeba lile begi lilelile, akampa mkono, na Spana akaushika. Mama akaja upande wa pili, akamgusa kiwiko amwongoze kwenye ngazi. Spana akakiondoa kiwiko chake, si kwa nguvu.

"Mama, niache."

"Mwanangu, aliyefungua mfuniko ni..."

"Najua aliyeufungua. Kwa baba nilishazoea, yeye hakuwahi kunisikia." Alisimama, uso umeelekea mahali ambapo mama hakuwapo. "Lakini wewe ulinisikia, mama. Ulinisikia kila neno."

Akashuka ngazi ameshika mkono wa baba yake.

FUNZO

Ndugu zangu, najua mtaondoka hapa mkisema funzo ni kutofungua rejeta ya moto. Hilo nalo lishikeni, tena sana: gari likichemsha, zima, kaa mbali, subiri lipoe. Chunguza kabla ya kununua, maana ubovu mwingi ni mdogo na dawa yake ni rahisi ikiwahiwa. Bizari irudi jikoni. Na kipimo kinachokuambia ukweli, usikikate ulimi kwa kuwa kimekuaibisha.

Lakini si hilo lililonitoa nyumbani kwangu nije niwasimulie. Wanaume wenzangu, utaalamu wa jana si hati ya kumiliki ukweli wa leo. Mtoto uliyemsomesha mwenyewe akikuambia jambo, unapoteza nini ukimsikiliza? Na ninyi mnaoitwa walinda amani wa nyumba, mnaomeza maneno na kusifiwa kwa hekima, nawaombeni mzifungue saraka zenu leo, si kesho. Heshima ya kumwacha mtu aangamie na watu wake si heshima, ni woga uliovaa khanga safi.

Tumefundishwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Ila hawakutumalizia. Mkuu asiyesikia la mdogo, na wanaojua wakanyamaza, guu linalovunjika ni la mdogo.